Leonidasi na Mti wa Sindano Tatu

Leonidasi Ntahondi alirudi nyumbani Makere mwaka wa sabini na moja akiwa na shati moja mwilini, blanketi moja begani na kiberiti kimoja mfukoni. Kwa mtu aliyekaa Tanga miaka kumi na miwili, huo ulikuwa umaskini wa kuchekesha. Wenzake waliokwenda kukata mkonge kama manamba walirudi na baiskeli, wengine na redio, na mmoja alirudi na saa ya mkononi ambayo hakujua kuisoma, lakini aliitazama kila alipoulizwa jambo. Leonidasi alijificha migombani mpaka jua likapoa, ndipo akaingia uani. Habari ya kifo cha mama yake ndiyo iliyomrudisha, na alikuta kaburi limeshaota nyasi.

Kiberiti chake hakikuwa na njiti hata moja. Ukikitikisa kililia kama kina mchele ndani. Epifania, mjane wa jirani ambaye ulimi wake ulikuwa unaogopwa kilima kizima, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwuliza kuna nini humo. Leonidasi akamwambia ni mbegu za mti. Epifania akauliza mti wa matunda. Akajibiwa hapana. Wa dawa? Hapana. Wa kivuli? Kidogo.

"Sasa umetoka nao Tanga wa nini?" akasema Epifania. "Mti tu? Huku kwetu hatuna miti?"

Hata hivyo aliolewa naye mwaka huohuo, na sijui alichokiona kwake ambacho wengine hawakukiona. Usiku wa arusi ndipo alipoambiwa maana ya kile kiberiti, na tangu siku hiyo hakukicheka tena, ingawa aliendelea kumcheka mwenye kiberiti.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Leonidasi hakwenda Tanga peke yake. Alikwenda na mdogo wake, Bazilio, kijana wa miaka kumi na sita, ambaye mama yao alimkabidhi kwa maneno machache: mnakwenda wawili, mrudi wawili. Walikata mkonge pamoja upande wa Korogwe. Bei ya mkonge ilipoanguka na watu kupunguzwa kazi, wakapanda milimani Usambara, wakapata kibarua kwenye bustani ya miche ya serikali. Huko ndiko walikokutana na mti wa paini. Ni mti mrefu, ulionyooka, wa kijani mwaka mzima, na majani yake si majani bali ni sindano ndefu zinazoning'inia. Wao walilala kwenye kibanda chini ya mipaini mizee, na upepo ulipopita juu yao ulisikika kama mvua iliyo mbali.

Bazilio alikuwa mpenda michezo. Alibuni mchezo wao wa jioni: mmoja anafumba macho, mwingine anamtia jani mkononi, naye ataje mti. Atakayekosea anakwenda kuteka maji bondeni. Leonidasi aliteka maji karibu kila siku, kwa sababu Bazilio hakukosea. Alikuwa anavuta kijiti cha mvinje na kukisikia kikiachana pingili kwa pingili, anasema mvinje. Alikuwa anagusa kijitawi cha mtarakwa chenye magamba, anasema mtarakwa. Na paini alihesabu: sindano tatu zimetoka kwenye ala moja, si mbili, si tano. "Tatu," alikuwa anasema huku amefumba macho, "chukua ndoo, kaka."

Halafu Bazilio akapenda mwanamke wa Korogwe, akashuka milimani, akarudi mkongeni. Wakati habari ya mama ilipofika, Leonidasi alimfuata kambini akamkuta ana jicho moja jekundu, limechomwa na mwiba wa ncha ya mkonge, na yule mwanamke ameshakwenda zake. Akamwambia waondoke. Bazilio akakataa.

"Nirudi na nini, kaka? Mkono mtupu haulambwi. Nipe mwaka mmoja, miwili."

"Utarudi kweli?"

"Nitarudi. Ila na jicho hili sitaki kufika naulizauliza njiani, watu waite wake zao waje wanitazame."

Leonidasi alimwelewa vizuri, maana hata yeye baadaye alijificha migombani. Akamwonyesha kiberiti alichokijaza mbegu za paini. Akamwambia atazipanda nyumbani, na kwa kuwa Makere nzima hapakuwa na mti wa namna hiyo, Bazilio akifika asimwulize mtu. Atafute mti mrefu ambao kiangazi hakiuchakazi. Chini ya huo mti ndipo nyumbani.

Basi mti ule haukuwa mti tu.

Nusu ya mbegu alizipanda mwaka uleule, kwenye makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini, kwa udongo mwekundu safi aliouchekecha kwa ungo wa mke wake. Ugomvi wa ungo ulichukua siku tatu. Mbegu zikaota vizuri. Kila mche ulitoka na ganda lake kichwani, kama mtoto aliyevishwa kofia. Leonidasi akawa anapita kila asubuhi anawaita watu waje waone. Baada ya miezi mitatu miche ikaanza kugeuka manjano, kisha zambarau, na kiangazi kilipoingia hapakubaki hata mmoja. Majirani wakampa pole kwa sauti ya watu wanaotaka kucheka. Yeye akadhani ni jua, akadhani ni maji, akadhani ni makopo. Nusu iliyobaki akairudisha kwenye kiberiti, akakichomeka chini ya paa, karibu na moshi.

Kisha ikaja Operesheni ya kuhamia vijijini. Sitaki kulisema sana jambo hilo. Waliohamishwa wanajua, na waliohamisha nao wanajua. Mwaka wa sabini na tatu malori yalifika chini ya kilima, paa zikashushwa, na watu wa kilima kizima wakapelekwa kando ya barabara, kila nyumba na kipande chake kilichopimwa kwa kamba. Makaburi na migomba vilibaki kule. Wengi walilia kwa ajili ya migomba. Leonidasi alikaa juu ya mzigo wake ndani ya lori, anakitazama kilima kinavyorudi nyuma, na alichokiwaza ni kimoja: Bazilio atakuja kule, atakuta vichaka, ataona watu wote wamekwisha, atageuza njia.

Mtu anaweza kusema, si angeuliza? Angeuliza, ndiyo, kama angekuwa mtu wa kuuliza. Lakini anayerudi mikono mitupu baada ya miaka yote hiyo, akikuta nyumbani hakupo, huona ni Mungu amemwonea huruma kumpa sababu ya kurudi alikotoka. Leonidasi alijua hilo kwa sababu ndilo ambalo yeye mwenyewe angelifanya. Kwa hiyo mti ulikuwa lazima uote hapa kando ya barabara, na uote haraka.

Akapanda mbegu zilizobaki. Zikaota tisa. Mwezi wa tatu zikaanza tena ule umanjano, na Leonidasi akakosa raha hata ya kula. Alikuwa anachuchumaa mbele ya makopo yake kama mtu anayeuguza. Ni Epifania aliyemwuliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mwanzo.

"Kule Tanga mlikuwa mnatia nini?"

"Udongo. Maji."

"Udongo gani?"

Hapo Leonidasi akakumbuka. Kule bustanini kila kiroba cha udongo kilichanganywa na udongo mweusi uliochimbwa chini ya mipaini mizee, wenye utando mweupe kama nyuzi za buibui. Msimamizi wao, mzee wa Kisambaa, alikuwa anasema mti huu haukui bila udongo wa mama yake. Leonidasi alikuwa amebeba udongo ule kwa toroli miaka mitatu, asubuhi na jioni, na aliporudi kwao alichukua mbegu akauacha udongo. Akajipiga kofi kwenye paji la uso mbele ya mke wake.

Udongo wa mama sasa ataupata wapi? Alikumbuka kwamba Kasulu mjini, alipokwenda kuuza maharage, aliona kilele cha paini nyuma ya duka la Bi Mwanaamina. Huyo alikuwa mjane, mtoto wa watu wa Ujiji, anauza khanga, chumvi na mafuta ya taa, na mji mzima ulimheshimu. Mti ulikuwa ndani ya ua wake.

Hapo ndipo penye tatizo, na asiyejua Buha, nchi yetu sisi Waha, hataliona. Kwetu unaweza kumwomba mtu moto, mbegu, jembe, hata ng'ombe wa kulisha. Udongo wa uani kwake humwombi. Anayechukua udongo wa mlangoni kwa mtu amechukua nyayo zake, na anayechukua nyayo ana kazi nazo. Leonidasi alijipanga njia nzima kutoka Makere mpaka Kasulu, juu ya gunia la mihogo kwenye lori, jinsi atakavyosema: shikamoo mama, naomba udongo wa nyumbani kwako. Kila alivyoyageuza maneno hayo yalitoka na sura ya ulozi. Mwisho akaamua kufanya ujinga mkubwa zaidi, akaamua kuuiba.

Alichagua Ijumaa, saa ya sala ya adhuhuri. Aliona maduka yanafungwa, wanaume wanakwenda msikitini na kanzu zao, akasema sasa Waislamu wote wamekwenda. Miaka kumi na miwili Tanga, na bado Mkatoliki yule hakuwa amegundua kwamba mama wa nyumbani husali nyumbani. Aliruka ua wa minyaa, akapiga magoti chini ya mti, akaanza kujaza mfuko kwa mikono. Bi Mwanaamina alimaliza sala yake, akakunja mkeka, akatoka nje kumwaga maji, akamkuta.

Hakupiga kelele. Alisimama na kopo lake mkononi, akasema, "Wewe, bwana, unachimba nini kwangu?"

Leonidasi akabaki amepiga magoti, mikono imejaa udongo. Wanaume waliotoka sala wakawa wameanza kusogea uani, fundi cherehani wa jirani akiwa mbele, na neno likatoka nyuma yao kabla hata hawajamfikia: mlozi. Mmoja akasema aitwe mgambo. Mwingine akasema mgambo wa nini, fimbo zipo.

"Mwacheni aseme," akasema Bi Mwanaamina. "Nimemwuliza mimi, sijawauliza nyie."

Leonidasi akasema yote, na aliyasema vibaya, akaanza na kiberiti, akarudi kwa mdogo wake, akaruka kwenye Operesheni, akamalizia na makopo. Watu wakatazamana. Fundi cherehani akacheka.

"Huo mti ni mvinje," akasema. "Mvinje umejaa pwani yote. Mtu aje kuiba udongo wa mvinje? Anatudanganya huyu."

"Ni mvinje," Bi Mwanaamina akakubali. Akamtazama Leonidasi. "Wewe unasema ni nini?"

"Si mvinje, mama. Ni paini."

"Utajuaje?"

Leonidasi akaupangusa mkono kwenye suruali, akaokota chini kile kilichoanguka, akakiinua. Alionyesha ala ndogo ya kahawia, na kutoka humo sindano tatu. Akasema mvinje ukiuvuta huachana pingili kwa pingili, lakini huu uvute utakavyo, utakatika tu. Akasema mvinje vitunda vyake ni vidogo, havifiki ukubwa wa gololi, na akaokota tunda la ule mti, gumu kama limechongwa kwa mbao, akalitia kiganjani mwa fundi cherehani. Alipokuwa anaeleza habari ya mti sauti yake ilitulia, na watu wakaanza kumsikiliza bila kutaka.

Bi Mwanaamina alichukua sindano zile akazitenganisha taratibu. Akaanza kutikisa kichwa.

"Marehemu mume wangu alipewa mche huu kwenye debe na Bwana Shamba wa zamani," akasema. "Miaka kumi na miwili ananiambia si mvinje. Nami namwambia mimi ni mtu wa ziwani, mivinje naijua, usinifundishe. Amekufa tunabishana." Akazitazama tena zile sindano. "Kumbe alikuwa anasema kweli, maskini."

Kisha akaagiza jembe. Hakumpa Leonidasi, alichimba mwenyewe, mama wa makamo na buibui lake, akajaza mfuko mpaka juu. Akauinua mbele ya watu.

"Shuhudieni nyote. Udongo huu ameomba kwangu, nami nimempa kwa mkono wangu, na moyo wangu mweupe. Atakayesema vingine aje kwangu." Akamgeukia Leonidasi. "Na wewe, mficha uchi hazai. Ungekuja mlangoni ukasema hodi, ungekuwa umeshakula na kuondoka. Mti ukishika, uje unieleze."

Leonidasi alilia pale pale, mbele ya wanaume, na hakuona haya.

Ushahidi wa Bi Mwanaamina ulikuwa mzuri, ila habari mbaya hupanda lori la kwanza na ushahidi hubaki ukisubiri la pili. Alipofika Makere mtaa mzima ulishajua kwamba Leonidasi amekamatwa Kasulu akichimba udongo wa mjane. Watu wakaacha kupokea lubisi, pombe ya ndizi, kwa mkono wake. Watoto wakaonywa wasipite karibu na makopo. Yeye alichanganya ule udongo mweusi kwenye kila kopo, akamwagilia, akangoja. Wiki ya tano mche mmoja ukatoa ncha ya kijani. Mingine minane ilikuwa imechelewa kupata dawa, ikafa. Ule mmoja akauhamisha uani mvua zilipokolea, akauzungushia miti ya mwiba, na kila jioni alikuwa anauletea maji kwanza kabla ya yeye kunywa.

Ukikuta paini imeshika, huna tena kazi ya kuiambia ikue. Mwaka wa pili mti ulimpita Epifania kwa urefu, mwaka wa tatu ukaipita nyumba. Leonidasi akawa anaupogoa kama walivyofundishwa bustanini, anakata matawi ya chini kila mwaka ili mti upande juu na unyooke. Epifania aliwahi kumwambia anaunyanyasa. Akajibu kwamba matawi ya chini hayaonekani barabarani. Kinachoonekana ni kilele. Mwaka wa tano ukiwa kwenye mteremko wa barabara itokayo Kasulu uliuona kwanza mti, ndipo uone kijiji. Kiangazi, nyasi zote zikiwa kahawia na vumbi limepaka kila kitu, ule ulisimama na kijani chake. Kila mwaka, baada ya mavuno, alikwenda Kasulu na kikapu cha maharage kwa Bi Mwanaamina kumweleza mti umefika wapi. Bi Mwanaamina alimkaribisha chai, akauliza swali moja, mdogo wako? Na Leonidasi akajibu, bado.

Barua hazikuwepo. Salamu zilizoletwa na waliotoka Tanga zilipingana: mmoja alisema Bazilio amehamia Morogoro, mwingine alisema alimwona Korogwe, anaumwa.

Mwaka wa sabini na nane mti ulikaribia kufa, na si kwa ugonjwa. Chama kipya kilikuwa kimezaliwa mwaka uliotangulia, kila kijiji kikataka mlingoti wa bendera, na mlingoti wa kijiji chao ukaliwa na mchwa. Mwenyekiti, Tharsisi, mtu mwenye haraka na asiye na ubaya, akatembea kijiji kizima akitafuta mti ulionyooka. Hakutembea sana. Alikuja na vijana wawili na shoka, akasema ni kwa ajili ya maendeleo.

Leonidasi alisimama mbele ya mti wake. Alianza na kiberiti. Tharsisi akasema, ndugu, hiyo habari tunaijua, mdogo wako akija ataona bendera. Vijana wakanyanyua shoka. Hapo Epifania akatoka jikoni, anajifuta mikono kwenye kitenge, wala hakuonyesha hasira.

"Mwacheni akate, baba," akamwambia mumewe. "Kata, mwenyekiti. Ila udongo ulioko kwenye mizizi hiyo, mnajua wote ulikotoka. Miaka mitano mmekuwa mnatwambia. Mimi sijui ukikatwa utamfuata nani. Labda mwenye shoka. Labda aliyemtuma."

Vijana wakaangalia shoka kana kwamba limekuwa la moto. Tharsisi akakohoa, akasema kwa kweli mti wenyewe una utomvu mwingi, bendera ingenata. Wakaenda kukata mkaratusi. Epifania akarudi jikoni, na Leonidasi akamsikia humo ndani akicheka peke yake. Uvumi uliowanyima majirani kwa miaka mitano ulikuwa umewalipa kwa siku moja.

Kiangazi kilichofuata, mwezi wa saba, Leonidasi alikuwa anaanika maharage uani wakati lori la Kasulu liliposimama barabarani. Akashuka Bi Mwanaamina, ambaye hakuwahi kufika Makere. Leonidasi aliacha maharage akaenda mbio kumpokea, na njiani akaona amemshika mkono mzee mmoja, mwembamba, mwenye fimbo, anayeinua miguu juu mno kama anapanda ngazi.

"Mwakeye, mama," akamwamkia Leonidasi kwa Kiha. "Karibu. Kuna heri?"

"Heri tu. Nimekuletea mtu," akasema Bi Mwanaamina. "Jana alishuka stendi. Akasimama pale mlangoni kwangu, upepo ulikuwa unapita kwenye mti. Akaniambia, mama, nipeleke kwenye mti huu. Nikampeleka. Akapapasa, akang'oa sindano, akahesabu. Akaniuliza, Leonidasi yupo? Nikamwambia hapana, baba, hapa ni kwa mti mama. Mti mtoto uko Makere."

Leonidasi alimtazama yule mzee. Hakuwa mzee. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na sita. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, jingine limefunikwa na ukungu mweupe.

"Kaka," akasema Bazilio, kichwa amekielekeza pembeni kidogo ya pale Leonidasi aliposimama. "Nimerudi bila kitu."

Leonidasi alimkumbatia, fimbo ikaanguka, na Epifania akatoka akasimama mlangoni mkono mdomoni. Miaka yote ile Leonidasi alikuwa ameuwaza mti uonekane kwenye mteremko, uonekane kutoka kilima cha zamani, na hakuna hata siku moja aliyowaza kwamba mtu wa kuutazama hatakuwa na macho. Jambo hilo lilimkata moyo kwa namna ambayo hakuweza kuieleza, hata baadaye.

Bazilio alisikia mti kabla hajaelekezwa. Aliufuata peke yake, mikono mbele, mpaka akaugusa. Akaupapasa shina, akanyoosha mkono juu kutafuta tawi. Hakukuta kitu. Akajinyoosha kwa ncha za vidole vya miguu. Hakukuta kitu.

"Matawi yako wapi, kaka?"

"Niliyapogoa," akasema Leonidasi. "Nilitaka upande juu, uuone ukiwa mbali."

Mkono wa Bazilio ulibaki juu pale pale, kisha akaushusha, akafungua kiganja kama walivyokuwa wanafanya jioni kule milimani.

"Basi nipe."

Leonidasi akainama. Chini ya mti kulikuwa na zulia la sindano kavu la miaka mingi. Akachagua kifungu kimoja kilichoanguka karibuni, bado na kijani, akamtia mdogo wake mkononi. Bazilio akakitenganisha taratibu, na midomo yake ikahesabu bila sauti.

"Tatu," akasema. "Chukua ndoo."

Leonidasi akaingia ndani, akachukua ndoo, akaenda kuteka maji, huku Epifania akimtandikia mgeni wao wa Kasulu mkeka. Mvua za kwanza zilipoanza alipanda paini ya pili, kwa mbegu za mti wake mwenyewe na udongo mweusi wa uani kwake, hatua nne tu kutoka mlango wa chumba cha Bazilio. Hiyo hakuipogoa.